Jaketi la rifleta halikunitosha: miezi mitano na utepe wa kuakisi mwanga

Nabeba abiria na mizigo kwa pikipiki kati ya Ahero na Kisumu. Kazi yangu kubwa ni ya alfajiri, giza bado limetanda, nikiwapeleka akina mama na mboga zao sokoni Kibuye. Jaketi la rifleta sijawahi kuliacha nyumbani. Sheria ya Trafiki inalidai kwangu na kwa abiria wangu, na niliamini kwamba ukishalivaa unaonekana.

Mwezi wa tatu, karibu na Rabuor, matatu ilinitokea nyuma ikashika breki hadi matairi yakalia. Ilinipita kwa upana wa kiganja. Dereva alisimama mbele, akashuka anatetemeka kama mimi. "Ndugu yangu, nimeona kitu cheusi tu." Nilitaka kumfokea, kisha nikageuka. Mama niliyembeba alikuwa amejitanda shuka zito jeusi kwa sababu ya baridi, na nyuma yake gunia la sukuma. Mistari ya mgongoni mwangu, ile ya kuonwa na anayekuja nyuma, ilikuwa imefunikwa yote na kifua chake.

Wiki hiyo nilinunua utepe wa kuakisi mwanga, ule wa kubandika, katika duka la vipuri. Mita moja shilingi 120. Nilichukua mita tatu: mweupe wa mbele, mwekundu wa nyuma, wa njano wa ubavuni. Usibandike mwekundu mbele, anayekuja atadhani unaenda anakoenda yeye.

Usiku niliegesha pikipiki uwanjani, nikahesabu hatua sitini, nikawasha tochi ya simu. Nikiishika kiunoni, naona kidogo sana. Nikiiweka kando ya jicho, utepe unawaka kama taa! Ndivyo unavyofanya kazi: mwanga unarudi kule ulikotoka, yaani kwa dereva mwenye taa zake. Nilitundika pia jaketi langu la zamani. Mchana rangi yake bado ni kali, lakini usiku mistari ilikuwa ya kijivu kama jivu. Vumbi na kuisugua kwa brashi ndivyo vilivyoimaliza. Sasa nalifua jaketi jipya kwa mkono, polepole.

Kasoro ipo. Vipande vya kwanza vilibanduka kwenye madigadi baada ya mvua mbili, kwa kuwa nilibandika juu ya mafuta na matope. Mara ya pili nilipangusa kwa spiriti, nikaacha pakauke, nikakata pembe za utepe ziwe za mviringo zisinaswe na kitambaa nikiosha pikipiki. Hivyo vipo hadi leo. Taa ndogo ya betri ya kumetameta niliyoinunua siku hiyohiyo iliingia maji ikafa, sitanunua nyingine.

Mahali panapofaa zaidi ni ukingo wa keria na kando ya mikono ya nyuma, vile vyuma vinavyoshika gurudumu, chini ya mzigo, ambako abiria hafuniki. Ubavuni nako usipadharau: pale Nyamasaria magari yanaingia barabarani kutoka pembeni, na taa yako ya mbele haimsaidii anayekuona kwa upande. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kila hatua unayoonekana mapema ni uhai. Taa ya mbele naiwasha hata mchana.

Naupa nyota nne kati ya tano. Tangu niubandike, magari yananipita yakiwa yameshahama upande mapema, na abiria mmoja ameniambia, "Mwanangu, leo sijashika roho mkononi."

Utepe uliobaki niliukata vipande. Wanaonitisha zaidi usiku ni trekta za miwa zisizo na taa nyuma. Wiki iliyopita, pale Awasi, nilimwomba mzee mmoja wa trekta ruhusa, nikapangusa nyuma ya tela lake, nikambandikia vinne.