Uzoefu wangu: begi la dharura la dukani kwenye meza ya mchezo wa anga

Begi hili nimekaa nalo miezi mitano. Nililinunua baada ya rubani wetu kufa, na kilichomuua ni ubishi.

Kila Jumamosi jioni, nyumbani kwangu Ntinda, Kampala, huwa naongoza mchezo wa kuigiza wahusika. Tuna kete, kalamu, karatasi moja ya kila mhusika, na yanayobaki ni masimulizi. Hadithi yetu ni ya anga za mbali. Inaanzia kwenye ile setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa tarehe 7 Novemba 2022, kisha inaruka miaka mia na hamsini mbele, wakati vyombo vinaondoka Entebbe kwenda sayari ya Mirihi kama basi linavyoondoka kwenda Gulu. Tunacheza kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotukutanisha: mimi ni mtu wa Tanga, dada nesi katoka Bunia, vijana wawili wanafunzi ni wa Mombasa na Kisumu, na Afande ni Mganda, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na kilichonyooka.

Siku ile chombo chao kilitua vibaya Mirihi, injini imezimika, mlango umepinda. Kila mmoja alikuwa ameandika kwenye karatasi yake "begi la dharura, 1". Nikauliza, ndani mna nini? Dada nesi akasema dawa na maji. Kijana wa Kisumu akasema mna kila kinachotakiwa. Wa Mombasa, ambaye ndiye aliyekuwa rubani, akadai mna kichujio cha hewa. Mwenzake akajibu kwamba kama kingekuwemo kingeandikwa. Walibishana karibu saa nzima, kete zimelala mezani, mwishowe ikabidi niamue: hakimo. Rubani akaishiwa hewa. Yule kijana alikuwa amemlea mhusika wake miaka miwili. Alikunja karatasi yake akaondoka mapema, nami usiku ule usingizi ulinipaa. Kosa lilikuwa langu. Swali lile ningewauliza kabla hatujaondoka Entebbe.

Wiki iliyofuata nikaenda mjini kununua begi la kweli ili tulimwage mezani tulione.

Nililipata katika duka moja la vifaa vya safari, bei shilingi 165,000 za Uganda. Ni begi jekundu la mgongoni, la turubai nzito, na hapo sina lawama: mishono ni ya mistari miwili, mikanda mipana, na limenyeshewa mara tatu bila maji kupenya. Kwenye mizani ya muuza mchele wa jirani lilisoma kilo tatu na robo. Ndani mlikuwa na tochi ya kuzungusha kwa mkono, dira, filimbi, kioo cha kuashiria, blanketi mbili za rangi ya fedha, kile kijiti cha chuma kinachokwanguliwa kutoa cheche, vidonge vya kutibu maji, bendeji na pamba, mkasi, mkanda wa kukaza mguu au mkono unaovuja damu, kamba, kisu, koti la mvua, tepu ya kitambaa na biskuti ngumu. Biskuti zilikuwa biskuti, tulikula siku hiyo hiyo.

Matatizo yalianza palepale. Vidonge vya maji vilikuwa vimepitwa na tarehe kwa miezi saba. Kamba iliyoandikwa mita 15 tuliipima kwa futi ya fundi cherehani ikatoa 12 na nusu. Mpini wa tochi ulikatika siku ya tatu. Niliporudi dukani walinibadilishia vidonge bila maneno, ila tochi walikataa wakasema nimeizungusha kwa nguvu. Nimeizungusha kama mtu aliye gizani anavyozungusha. Tochi ya begi la dharura isiyomvumilia mtu mwenye hofu haina kazi humo, na hilo limeniuma kuliko hata vile vidonge.

Tuje kwenye mchezo. Begi la dukani limefungwa na mtu ambaye hewa haimpiti akilini, maana hapa duniani hewa ipo tu. Ile hesabu ya tatu-tatu wanayofundishwa watu wa nyikani, kwamba bila hewa una dakika tatu, bila kinga ya baridi au jua kali saa tatu, bila maji siku tatu, bila chakula wiki tatu, begi hili linaanzia kwenye mstari wa pili. Kijana wa Kisumu aliwahi kupanda Rwenzori, akatusimulia jinsi alivyokuwa akihema kila hatua kumi karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109, wakati pale hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani. Mirihi hewa haifiki hata sehemu moja ya mia ya hii yetu, na karibu yote ni kaboni dioksaidi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichoandika upya ni hewa, na hapa nilisoma sana kwa sababu sikutaka kumuua mtu mwingine kwa kubahatisha. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku, na hutoa karibu kilo nzima ya kaboni dioksaidi. Ile inayotoka ndiyo huwahi kuua. Wanaanga wa Apollo 13, chombo cha Wamarekani kilichoharibika njiani kwenda Mwezini Aprili 1970, oksijeni ya kupumua walikuwa nayo. Kilichowatisha ni hewa chafu kujaa, na makopo ya kuisafisha waliyobakiwa nayo yalikuwa ya mraba wakati matundu ni ya duara. Waliyaunganisha kwa mifuko ya plastiki, jalada la kitabu cha maelekezo na tepu. Niliposimulia hivyo, dada nesi aliichukua ile tepu ya begi letu akaiweka katikati ya meza, na tangu siku hiyo hakuna karatasi ya mhusika isiyo na tepu.

Tukaongeza pia mshumaa wa oksijeni. Si kitu cha kubuni. Ni kopo la kemikali ambalo likiwashwa hutoa oksijeni, na kopo moja la kituo cha anga cha kimataifa humtosha mtu mmoja siku nzima. Nikawawekea na hatari yake: tarehe 23 Februari 1997 kopo kama hilo lilishika moto ndani ya Mir, kituo cha anga cha Warusi, watu sita wakiwamo. Mezani kwetu, anayewasha mshumaa anarusha kete mbili, na zikitoka moja na moja, moto umewaka.

Vifaa vingine vya begi tulivipeleka Mirihi kimoja kimoja. Dira haikufaa, kwa sababu Mirihi haina uga mmoja wa sumaku unaoizunguka sayari nzima. Sindano itacheza ovyo. Filimbi huwezi kuipuliza ukiwa ndani ya kofia ya suti. Kijiti cha cheche hakiwashi kitu pasipo oksijeni. Kioo kilibaki, kwa sababu jua la kule, ingawa ni chini ya nusu ya ukali wa hili letu, bado linatosha kummulikia mtu aliye angani. Vidonge vya maji vilizua mjadala mzuri: udongo wa Mirihi una chumvi zenye sumu ziitwazo pakloreti, zilizogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008, na vidonge vya klorini vinaua vijidudu tu, chumvi hiyo haviigusi. Tukaviondoa, tukaweka kifaa cha kuchemsha na kukusanya mvuke.

Blanketi la fedha ndilo lililotushangaza. Usiku mmoja umeme ulikatika, tukatoka barazani kulijaribu. Lilikuwa limekunjwa dogo kama leso, na kulikunjua likapiga kelele kama mtu anayeponda majani makavu, mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Kijana wa Mombasa alijifunga nalo saa nzima akiwa ameketi sakafuni. Alipolivua, ndani lilikuwa limelowa jasho, mgongo wake una joto kabisa, lakini makalio yamepoa kwa saruji. Ndivyo linavyofanya kazi: linarudisha joto linalotoka mwilini kwa mnururisho, yaani kama miali, ila mahali ulipogusana na kitu baridi halikusaidii. Kwa hiyo kwenye utupu wa anga, ambako hakuna upepo wa kukuibia joto, ni kinga kubwa, na vyombo vya angani vyenyewe huvikwa matabaka ya kitu cha jamii hiyo. Ukilala nalo juu ya mwamba wa Mirihi, ardhi itakumaliza. Tukaandika kipande cha sponji ngumu cha kutandika chini.

Jaribio lililobadilisha mchezo wetu kabisa lilitoka kwa Afande. Alilitazama begi, akasema: "Hawa watu wenu wana glavu. Mnafungua na mikono mitupu ya nini?"

Jumatatu nikaenda Katwe, kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nikaazima glavu zake za ngozi, nene, zinazonuka moshi. Si sawa na za mwanaanga, maana glavu ya suti hujaa hewa ikawa ngumu kama mpira uliopulizwa, na kila kukunja kidole ni kazi; wapo wanaanga wanaorudi na kucha zilizoumia. Lakini kwa mezani zilitosha. Tukaweka saa, kila mtu akavaa, akaambiwa afungue begi na atoe kitu kimoja akitumie.

Zipu ilitushinda wote. Kishikio chake ni kidogo kama punje ya mahindi. Dada nesi alipambana na pakiti ya vidonge dakika nne, akataka kuipasua kwa meno, Afande akamwambia, "Dada, kofia iko kichwani." Akaiweka chini. Tepu tuliizungusha na kuizungusha, mwanzo wake hauonekani wala haushikiki. Mkasi haukuingia vidoleni. Kilichotupa moyo ni ule mkanda wa kukaza damu: una kijiti kinene cha kusokotea, na dada nesi aliufunga kwenye paja la kijana wa Kisumu chini ya dakika moja, kwa glavu, akahesabu hadi akaona mguu umebadilika rangi, ndipo akaulegeza. Huo mkanda peke yake nauthamini nusu ya bei ya begi.

Tulirekebisha. Kwenye kila zipu tulifunga kitanzi cha kamba kinachoingia kidole cha glavu. Mwanzo wa tepu tuliukunja ndani sentimita mbili, uwe na ulimi wa kuvuta. Vidonge na bendeji tukavihamishia kwenye kopo la mfuniko mpana. Na kanuni ikaandikwa juu ya ubao: kisichofunguka kwa glavu hakimo begini.

Afande akaongeza ya kwake. Alizima taa, akatutaka kila mmoja ataje na kutoa kitu anachoambiwa kwa kupapasa. Jeshini, alisema, begi la mtu hulijua mkono wake, si jicho. Cha kutumia kwanza kinakaa juu au mfuko wa nje, cha kutumia kesho kinakaa chini, na kila kitu kina mahali pake pale pale. Mara ya kwanza nilitumia dakika sita kuitafuta bendeji. Sasa hata nusu dakika haifiki.

Alipenda sana nilipomsimulia kisa cha Voskhod 2, chombo cha anga cha Wasovieti. Machi 1965 Alexei Leonov na Pavel Belyayev, baada ya Leonov kuwa binadamu wa kwanza kuelea nje ya chombo, walitua mbali mno na pale walipotakiwa, wakajikuta kwenye msitu wa theluji wa Perm, wakalala huko wakihofia mbwamwitu na dubu. Baadaye, kwa miaka mingi, Warusi waliweka kwenye vifurushi vyao vya dharura bastola ya mitutu mitatu, TP-82, ambayo kitako chake huvuliwa kikawa panga. Na Wamarekani wa Apollo walibeba panga, miwani ya jua na vifaa vya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Afande aliuliza swali ambalo sisi wote hatukuwa tumelifikiria: wahusika wetu wakirejea wakatua Karamoja wakati wa ukame, au katikati ya Ziwa Viktoria mbali na visiwa vya Ssese, wana nini? Ndiyo maana sasa kila mhusika ana mafungu mawili ndani ya begi moja, la huko na la nyumbani, na ile filimbi, dira na kijiti cha cheche vimerudi kwenye fungu la pili.

Uzito pia tunauhesabu. Tumeweka mwisho wa kilo 12. Mirihi mzigo huo utauhisi kama kilo nne na nusu hivi, lakini ukigeuka ghafla utakuyumbisha kwa kilo zake zote 12, na anayekimbia nao kwetu anarusha kete.

Kama bidhaa, begi hili nalipatia nyota tatu kati ya tano. Turubai, mkanda wa damu na kioo ni vya uhakika. Tochi na kamba vimeniangusha. Kama kifaa cha kuandalia mchezo, sijutii hata shilingi moja, na kijana wa Mombasa amerudi mezani na rubani mpya ambaye karatasi yake ina vitu 19 vilivyoandikwa kimoja kimoja, kila kimoja na mfuko wake.

Ukienda kununua, usilipie begi likiwa limefungwa. Omba limwagwe juu ya kaunta, soma tarehe za vidonge, zungusha tochi dakika nzima mbele ya muuzaji, na nenda na futi upime kamba. Glavu za fundi utazipata Katwe, na mwenye zile nilizoazima mimi hakutaka pesa, alitaka tu kujua rubani alikufaje.