Formasio ya kuchora bustani hapa Goma: plani nyota 5, maua nyota 2

Kama umechoka na biro na Excel na uko unawaza kuingia kwenye kazi ya kutengeneza bustani za watu, hii formasio ya kila Jumamosi (jina naacha) ni dola 180 kwa miezi 3, na mi naona inalipika, lakini ju ya nusu tu ya ile wanafundisha.

Mi natoka kwenye kontabilite ya ONG. Kwenye sale tulikuwa na muuguzi, mwalimu wa matematike na papa moja kambisti, wote tunatafuta njia ingine ju makontra siku hizi zinakatika ovyo.

Upande wa plani, chapo kabisa. Formatere ni mutu wa shantié, haongei sana. Alitupeleka kwenye parseli moja ya Himbi yenye kujaa mawe ya volkano, akatupa kamba na vijiti: pima mita 3 huku, mita 4 kule, na kama ile ya kukatiza haifiki 5 kamili, kona yako ni ya uongo, unangoa unaanza tena. Kisha tuyo ya plastiki yenye kuonekana ndani, unajaza maji, moja anashika huku mwingine kule, pale maji inasimama njo nivo. Nyumbani unarudisha yote kwenye karatasi, sentimita 1 ni mita 1. Pavé karibu na nyumba lazima ishuke sentimita 2 kila mita, bila hivyo mvua ya Novemba inaingia saloni.

Alafu devi, ile karatasi ya bei unapatia kliyenti mbele ya kazi. Hapo njo nilisema dola zangu hazikuenda bure. Goma udongo unanunuliwa, chini ni mawe tu ya volkano, ya ile ililipuka 2002 ama ya zamani zaidi, maji inapita kama kwenye kitunga. Gazoni ya mita karé 100 ukiweka udongo wa sentimita 20 ni mita kibu 20, kamioni ya kibu 5 inakuja mara nne, na bado hujanunua hata ua moja. Mukubwa wa parseli anafikiri analipia maua, kumbe analipia kamioni!

Sasa maua yenyewe, eeh. Silabi ni ya Ufaransa, wamefotokopi tu. Tulipe, lavande, eti mupande baridi ikiisha. Baridi gani? Sisi tuko na mvua na kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane, basi. Eti maua ya kupenda jua iende upande wa kusini wa nyumba, wakati hapa tuko karibu na ekwateri, mwezi wa sita jua la saa sita linainamia kaskazini, Desemba linainamia kusini, ukuta uleule unapata jua nusu mwaka na kivuli nusu. Nimeuliza, wakanijibu tutarudia. Hatukurudia.

Jumamosi nzima ikaenda kwa Versailles, bustani ya wafalme wa Ufaransa, na Le Nôtre mwenye kuichora, huku Roberto Burle Marx akapita kwa sentensi moja. Yani huyo wa Brazil alisomea kuchora picha, njo akaingia kwenye bustani, na mimea ya kwao aliiona vizuri akiwa Berlin, kwenye bustani ya botanike, inatunzwa ndani ya nyumba ya vioo, wakati kwao watu walikuwa wanapanda vitu vya Ulaya. Si ni sisi kabisa?

Ya mimea mi nilijifunza kwa bamama ba pepinieri. Moja alinionyesha fujeri zenye kuota zenyewe katikati ya mawe, akasema pale imeshika usingoe, tupia udongo kidogo pembeni uweke agapanti. Bogenvile nayo haisumbue.

Staji waliahidi, haikuja. Serifika iko na stempu kubwa, ila kliyenti anauliza picha za kazi, si karatasi.

Ukijiandikisha lipa kwa tranche, wanakubali tatu, na kuja na dekametri yako (ile metre ndefu ya kupimia), zao ziko mbili tu kwa darasa zima.