Ramani ya kima cha chini cha mshahara ya Wizara ya Kazi Marekani: naipa nyota 4

Hii ramani iko kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi ya Marekani, ni bure, na mimi kila ndugu anayefika huku namwambia aifungue kabla hajasaini kazi yoyote. Wengi tukifika tunaambiwa tu kima cha chini cha Marekani ni dola 7.25 kwa saa na tunanyamaza. Ni kweli, hicho ndo cha serikali kuu, tena hakijapanda tangu Julai 2009, lakini jimbo nalo lina lake na mji unaweza kuwa na lake, na mfanyakazi anatakiwa alipwe kile kilicho juu.

Majimbo yamepakwa rangi, unabonyeza lako unasoma. Chukua Idaho, pale Boise wako Wakongo wengi wanaoongea Kiswahili, kiwango ni 7.25 tu na jimbo limekataza miji isiweke cha kwake. Vuka mpaka uingie jimbo la Washington, mwaka 2025 kilikuwa 16.66. Kazi ileile ya kuosha vyombo, saa 40 Boise ni dola 290 kabla ya makato, Spokane kule Washington mwaka huo ilikuwa 666.40, na majimbo hayo ni majirani jamani!

Kuna majimbo hayana sheria ya kima cha chini kabisa, Alabama, Louisiana, Mississippi, South Carolina na Tennessee, alafu Georgia na Wyoming utakuta imeandikwa 5.15. Usishtuke, na bosi asikutishe nayo, maelezo yako palepale kwamba mwajiri aliye chini ya sheria ya serikali kuu lazima alipe 7.25, na waajiri wengi wako chini yake.

Wahudumu wa mgahawa tafuteni jedwali la wanaopokea tipu (bakshishi ya wateja), hilo lisomeni taratibu. Serikali kuu inamruhusu bosi alipe 2.13 kwa saa ilimradi ukijumlisha na tipu ifike 7.25, isipofika anajazia yeye. Washington hawataki mchezo huo, unalipwa kima chote na tipu zinabaki zako. Kwa mtu anayeamua ahamie wapi hiyo peke yake inabadilisha hesabu yote.

Nyota moja nimeikata kwa sababu viwango vya miji mingi havimo. Mwaka 2025 Washington ungeiona 16.66, sawa, lakini mji wa Tukwila, na pale watu wetu wapo, kampuni kubwa zilitakiwa zilipe 21.10, Seattle 20.76. Ungeamini ramani peke yake ukiwa Tukwila mwaka huo ungeweza kuachia dola 177.60 kila wiki ya saa 40, hiyo si ni hela ya chakula cha watoto? Kwa miji tumieni orodha ya kituo cha kazi cha chuo kikuu cha California, Berkeley, haina urembo ni jedwali refu tu ila miji na kaunti zimo. Na muangalie mji unaofanyia kazi, sio unaolala, ukikaa Kent ukafanya Tukwila unahesabiwa ya Tukwila.

Maelezo ya ramani ni ya Kiingereza, wazee wetu inawapa shida, wasomeeni. Wakiona wamepunjwa wapige simu kitengo cha mishahara cha wizara hiyohiyo, waombe mkalimani, na malalamiko yanapokelewa hata kama mtu hana makaratasi ya kuishi Marekani.