Diploma ya Kriminolojia na Haki Jinai: Miaka Yangu Miwili Chuoni Mombasa

Bango lililonivuta lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya stima pale Kongowea, mwaka 2022. Pingu, alama ya kidole, na chini yake ahadi ya kazi DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya polisi wa Kenya. Nilikuwa na C ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na miaka miwili ya kuuza mitumba na mamangu, na mtaa wetu Kisauni ulikuwa haulali kwa hofu ya vijana wa mapanga. Nikajisajili kusomea kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu. Diploma nimeimaliza mwaka 2024, na kwa kuwa kila muhula nasikia wadogo zetu wanalipa ada kwa ahadi ileile, naeleza hapa nilichokipata na nilichokikosa.

Nianze na hiyo DCI. Hakuna diploma inayokutoa darasani ikakupeleka upelelezi. Wapelelezi hutoka ndani ya polisi wenyewe, na polisi huingiwa kwa usajili wa kitaifa: unakimbia, unapimwa, ukibahatika unakwenda chuo cha polisi cha Kiganjo. Kufika uwanjani, D+ ya KCSE inatosha. Wenzangu kadhaa waliligundua hili katikati ya mwaka wa kwanza wakaacha masomo, na ada yao haikurudi. Sikitaji chuo, maana bango lile si lake peke yake, lakini kumwambia mtoto wa maskini kitu kama hicho ili alipe Sh 26,000 kwa muhula ni dhuluma.

Masomo yenyewe niliyapenda kuliko nilivyotarajia. Muhula wa kwanza tulipitia nadharia, tukianza na Cesare Lombroso, daktari wa Kiitaliano aliyedai mwaka 1876 kwamba mhalifu huzaliwa hivyo na kwamba utamjua kwa fuvu, taya na masikio. Darasa lilicheka. Mwalimu akatuuliza ni nani kati yetu hajawahi kuvuka barabara kwa sababu ya sura ya kijana anayekuja mbele yake. Kicheko kikaisha. Tukaja kwa Howard Becker, Mmarekani aliyeandika mwaka 1963 kwamba ukengeufu, yaani kwenda kinyume na kanuni za jamii, haukai ndani ya kitendo, hukaa katika jina ambalo watu humbandika mtendaji. Nikawakumbuka wavulana wa Mtopanga niliosoma nao msingi, walioitwa watoto wa panga kabla hawajashika hata kisu cha kukatia embe. Wengine hawajaguswa na uhalifu hadi leo, lakini msako ukipigwa ndio wa kwanza kupandishwa kwenye lori la polisi.

Somo la mwenendo wa mashtaka lilikuwa na mwalimu aliyewahi kufanya kazi ya ukarani mahakamani, na tofauti ilionekana. Alitupeleka mahakama ya Shanzu, tukakaa viti vya nyuma asubuhi nzima. Siku hiyo ndiyo nilielewa uzito wa maneno mawili. Karani husoma shtaka kwa Kiswahili, na mshtakiwa hujibu "ni kweli" au "si kweli". Mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kuiba nazi alijibu, "Ni kweli, lakini shamba ni la babangu." Hakimu alisimamisha kalamu, akamtazama, akaandika kwamba amekana shtaka. Nje, mwalimu alitueleza kwamba kukiri kwenye "lakini" yenye utetezi ndani yake si kukiri, na hakimu akilipuuza hilo, hukumu yake yaweza kubatilishwa kwenye rufaa. Nikafikiria ni wangapi huikatiza sentensi yao kwa woga wakaishia kwenye "ni kweli".

Sasa upande ulioniudhi. Noti za masomo mengine zilikuwa za kunakili, zimepita mikono mingi hadi herufi zimefifia, na sheria ndani yake zimechakaa. Tulisomeshwa kwamba mtoto wa miaka minane aweza kushtakiwa kwa jinai. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilishapandisha umri huo hadi miaka 12. Tulisomeshwa pia kwamba jaji hana hiari kwa anayepatikana na hatia ya mauaji isipokuwa kifo, ilhali Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba ulazima huo unakwenda kinyume na Katiba. Kwenye mtihani wa ndani niliandika 12, nikakatwa. Nilikwenda na sheria yenyewe kwenye simu, nikamwonyesha mwalimu kifungu kwa kifungu. Alinirudishia alama zangu. Za wenzangu walioandika minane hakuzigusa, na noti hakuzibadilisha. Hili ni kosa zito kuliko linavyosikika, kwa sababu miongoni mwetu wapo watakaokaa kaunta ya kituo mtoto wa miaka kumi akiletwa ameshikwa shati.

Ushahidi wa kisayansi tulisomea ubaoni. Maabara hakuna. Alama za vidole tulizichukua kwa wino wa muhuri kwenye karatasi ya kawaida. Nilichofaidi hapo ni utunzaji wa kielelezo, yaani kitu kinachopelekwa mahakamani kama ushahidi: nani alikiokota, nani alikipokea, kiliwekwa wapi, saa ngapi. Hilo halihitaji maabara, linahitaji kalamu na uaminifu.

Kilicholipa ada yangu yote ni miezi mitatu ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika ofisi ya probesheni, inayochunguza na kusimamia wakosaji walio nje ya jela. Afisa aliyenisimamia, mama mtu mzima asiyepaza sauti, alinipa niandae pamoja naye ripoti ya kijana wa miaka 19 aliyekiri kuiba simu. Hakimu alitaka kujua kijana huyu ni nani kabla ya kumhukumu. Tulimkuta rumande. Nilimuuliza kwa nini aliichukua, akanijibu bila kupepesa, "Mwenyewe ana biashara, atanunua ingine." Miezi sita nyuma nilikuwa nimekariri njia tano ambazo Gresham Sykes na David Matza walizieleza mwaka 1957, jinsi mkosaji anavyoituliza nafsi yake, na mojawapo ni kukana kwamba kuna aliyeumia. Hapo niliisikia kwa Kiswahili cha kwetu.

Tulikwenda kwa nyanya yake, Mshomoroni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanikalisha kwenye kigoda yeye akabaki amesimama kana kwamba ndiye mshtakiwa. Alitueleza kijana aliacha shule darasa la saba babake alipofariki. Tukaenda kwa mzee wa mtaa, kisha kwa mwenye simu. Ile "biashara" ilikuwa karai moja la viazi kando ya barabara. Wateja wake hulipa kwa M-Pesa, na simu ilipokwenda hakuweza kuutoa mtaji wake. Siku mbili hakukaanga, hakuwa na hela ya unga wala mafuta. Hakutaka kijana afungwe. Alitaka aje amwone.

Niliandika rasimu ya kwanza ikiwa na kurasa saba. Mama yule aliipunguza hadi mbili, akakata kila neno lililokuwa huruma yangu na kuacha kila nilichokiona kwa macho. Wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kwa hiyo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kumtumikisha mkosaji katika kazi za umma badala ya kumpeleka jela. Tulipendekeza hivyo, na hakimu akakubali: miezi mitatu ya kufagia na kubeba maji kwenye zahanati. Mama wa viazi alikuwepo. Kijana alimwomba radhi pale koridoni, kwa sauti ndogo, na yeye akamuuliza kama ameshakula.

Sasa nafanya kazi na shirika dogo linalowasaidia mahabusu wasio na wakili. Mshahara ni mdogo, naujazia kwa mitumba Jumamosi. Shahada nitaisoma Mungu akijaalia. Kozi hii ningeirudia, lakini si kwa kufuata bango. Ningeuliza chuo kinapeleka wanafunzi wapi kwa atachimenti na kwa barua ipi, maana kwetu wengine walijitafutia wakaishia kupiga fotokopi miezi mitatu. Ningeomba kuonyeshwa noti za sheria za watoto na kusoma mwaka ulioandikwa. Na ningeuliza ni walimu wangapi wamewahi kufanya kazi mahakamani, gerezani au kituoni.

Binti wa kaka yangu amepata C mwaka huu na ameshaniletea bango lingine, lenye pingu zilezile. "Shangazi, hii vipi?" Nimemwambia Alhamisi asipange lolote. Tutapanda matatu ya saa moja hadi Shanzu, tukae viti vya nyuma mpaka mahakama ipumzike, halafu aniambie mwenyewe.