Nimelipia ushauri wa kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa meno, Kisumu: uzoefu wangu

Nimewalipia wadogo zangu ushauri huu kwa watu wawili tofauti hapa Kisumu. Wa kwanza alijumlisha alama za masomo manne, akasema hizo ndizo pointi za klasta, yaani zile zinazotumika kupanga waombaji wa kozi. Simrudii. Wa pili aliomba hati ya matokeo ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) kwanza, akashika kalamu na kikokotoo.

Hapo kwenye hesabu ndipo wengi hupotezwa. Tuseme una A ya Biolojia (12), A- ya Kemia (11), A- ya Hisabati (11) na B+ ya Kiingereza (10). Hiyo ni 44 kwa 48. Lakini jumla ya masomo yako saba nayo huingia, tuseme 76 kwa 84. Gawanya 44 kwa 48, gawanya 76 kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Unapata 43.7 hivi, si 44, na kwa kozi yenye nafasi chache kama meno, sehemu hiyo ya pointi inaweza kukuacha nje. Hata hivyo hayo ni makadirio. Pointi rasmi utaziona kwenye akaunti yako ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, pamoja na pointi za mwisho walizoingia nazo wa miaka iliyotangulia. Mshauri asiyefungua ukurasa huo mbele yako, usimlipe.

Yule mshauri wa pili alinifaa pia kwa kutenganisha kozi. Diploma za KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba) za afya ya kinywa na za ufundi wa meno bandia ni kazi nzuri, ila hazikufanyi daktari wa meno. Digrii yenyewe, Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Moi, ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Na ukienda Moi, tafuta nyumba Eldoret mjini karibu na hospitali ya rufaa, si Kesses kwenye kampasi kuu.

Alichokosa kunieleza ni masomo ya nje ya nchi. Kabla ya kutuma hata shilingi ya karo, uliza KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno, kama chuo hicho kinatambuliwa. Ukirudi utafanya mtihani wao ndipo uanze mafunzo kazini.

Jambo lisilohitaji ada: nenda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, idara ya meno, uombe ruhusa ya kuuliza maswali. Nenda mchana, foleni ya asubuhi ikiisha.