Kikomo cha Chaji cha Asilimia 80: Uzoefu Wangu kwenye Kompyuta na Simu

Kipengele ninachokitathmini hapa hakiuzwi peke yake. Kimo kwenye mipangilio ya kompyuta mpakato ninayofanyia kazi, na jukumu lake ni moja tu, yaani kusimamisha chaji betri inapofika asilimia 80, hata kama chaja bado imechomekwa. Nimekitumia kwa zaidi ya miaka miwili, na kwa kompyuta inayoshinda mezani ikiwa kwenye umeme sijaona mpangilio mwingine wa betri wenye faida kubwa kama huu. Kwa simu, nina mashaka.

Seli ya kawaida ya lithiamu huhesabiwa kuwa imejaa inapofika takriban volti 4.2, na baadhi ya seli mpya hupita kidogo hapo. Kadiri inavyokaribia kiwango hicho, ndivyo elektroliti (kimiminika ambamo lithiamu husafiri ndani ya seli) inavyozidi kuharibika upande wa ncha chanya, huku utando mwembamba ulio juu ya grafiti, yaani kaboni ya ncha hasi inayohifadhi lithiamu, ukiendelea kunenepa na kumeza lithiamu ambayo hairudi tena kufanya kazi. Uchakavu huo hausubiri betri itumike. Betri iliyokaa mezani ikiwa imejaa mwaka mzima inaweza kupoteza uwezo zaidi kuliko nyingine ambayo imekuwa ikitumika kila siku kati ya asilimia 30 na 80, na hapo ndipo wanaohesabu mizunguko ya chaji peke yake wanapopotoka. Isitoshe, mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika: ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, umemaliza mzunguko mmoja, hata kama ulichomeka chaja mara nyingi katikati.

Matokeo niliyoyapata yananiridhisha. Windows ina amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti ya uwezo ambao betri iliundwa nao pamoja na uwezo ilionao sasa ikiwa imejaa. Katika mashine yangu uwezo wa sasa bado uko juu ya asilimia 90 ya ule wa awali. Mwenzangu anayetumia modeli hiyohiyo, na ambaye huiacha yake ijae na kubaki hivyo, ameshuka kuliko mimi. Hata hivyo, siwezi kulihesabu pengo hilo lote kuwa kazi ya kikomo, kwa sababu yeye huhariri video na mashine yake huwa ya moto muda mwingi.

Joto ndilo jambo ambalo kipengele hiki hakiligusi kabisa. Athari za kemikali zinazoichakaza betri huenda kasi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kuzuia chaji kwenye asilimia 80 huku kompyuta ikiwa juu ya godoro, matundu yake ya hewa yameziba, ni kuokoa upande mmoja na kupoteza mwingine. Baridi nayo ina hatari yake: seli nyingi za aina hii zikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujikusanya kama metali juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo kwa sehemu kubwa hayarekebishiki.

Kasoro zipo. Baada ya miezi ya kutofika asilimia 100, kipimo cha chaji huanza kukosea, na mashine inaweza kuzimika ikiwa bado inaonyesha asilimia kadhaa. Dawa yake ni kuiacha ijae kabisa mara mojamoja. Hilo lisichanganywe na ule ushauri wa zamani wa kumaliza chaji mpaka sifuri kila mara, ambao ulitokana na betri za nikeli na kadimiamu na hauzisaidii hizi hata kidogo. Kero kubwa zaidi ni kwamba sasisho moja la mfumo lilikizima kikomo kimyakimya, nami nikagundua baadaye sana.

Kwenye simu hesabu hubadilika. Apple iliongeza kikomo kama hiki kwenye iPhone 15 mwaka 2023, na simu nyingine nyingi zinacho. Lakini mtu anayetegemea simu kutwa nzima mbali na umeme hujinyima asilimia 20 kila siku ili asije akapoteza asilimia hizohizo miaka kadhaa baadaye, na sioni faida ya biashara hiyo. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai simu zinazouzwa huko zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, na hiyo ni miaka ya matumizi ya kawaida. Nilijaribu pia chaji inayojifunza ratiba, ile inayosubiri kwenye asilimia 80 na kumalizia karibu na saa ya kuamka; inawafaa wenye usingizi wa saa maalumu, nami si mmoja wao.

Ningependa tu watengenezaji waruhusu kikomo cha chini zaidi. Baadhi ya kompyuta hutoa chaguo la asilimia 60, ilhali yangu haina, na kwa mashine isiyotoka mezani kiwango hicho kingenitosha kabisa.