Uzoefu wangu: kuchagua mashine ya kubana vifungo wakati mkono hauna nguvu

Mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi usiku: kidole gumba na viwili vinavyofuata. Naamka, naukung'uta mpaka ganzi iishe, nalala tena. Hospitali wakaniambia kuna mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Wakanipa kifaa cha kuvaa usiku ili kifundo kikae kimenyooka, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanikataza kufinyafinya vitu kwa nguvu.

Sasa kazi yangu ndiyo hiyo. Nashona nguo za watoto wachanga hapa Kimara, Dar es Salaam, na nguo ya mtoto mchanga haiendi bila vifungo vya kubana, vile vinavyolia "ta" vikikutana. Rompa moja, ile nguo ya kipande kimoja, ina vitatu katikati ya miguu. Kila kifungo kina upande wa kike na wa kiume, na kila upande unabanwa peke yake, kwa hiyo rompa moja ni kufinya mara 6. Oda ya rompa 20 ni mara 120. Kwa koleo la mkononi nilikuwa nafika ya 30 hivi, vidole vinaachia vyenyewe.

Koleo lenyewe si baya, na kwa mwenye mkono mzima ningelisifu. Tatizo ni linavyotaka nguvu. Mikono ya koleo ikiwa wazi, vidole vyangu vifupi vinafika kwa ncha tu, na ncha za vidole hazina nguvu. Ukishafunga nusu, ndipo kifungo kinapohitaji msukumo mkubwa kuliko wote, maana ncha ya kile kimsumari cha plastiki inatakiwa ipondeke itandazike kama uyoga. Mkono ukitetemeka pale mwisho, ncha inalala upande. Kwa macho kifungo kimekaa, lakini mama wa mtoto akivuta mara tatu kinang'oka. Kwa nguo ya mtoto mchanga hilo halikubaliki. Kifungo kilichong'oka kinaishia mdomoni mwake.

Nilijaribu nyundo na kichuma chake. Kila pigo lilirudi kwenye kifundo kilekile kinachouma. Nikaacha siku hiyohiyo.

Ndipo nikapanda basi la mwendokasi kwenda Kariakoo na mfuko wa vipande vya kitambaa na vifungo vyangu mwenyewe. Hapa nawasisitizia mafundi wenzangu: nenda na kitambaa chako. Kijana wa duka la kwanza alinibania kifungo kwenye kipande chake cha gunia, akaniambia, "Mama, umeona, laini kabisa." Nikamwomba, "Mwanangu, niachie nibane mwenyewe, kwa mkono huu huu." Mashine ilikuwa imara, ila wenzo wake ulikuwa mfupi na kishikio chake ni kijipira kidogo cha kushikwa kwa vidole. Nikashukuru, nikatoka.

Duka la tatu ndilo nililonunua. Ni mashine ya mezani, ya chuma, ya kushusha wenzo, haitaki umeme. Nilipima kwa futikamba ya kushonea: kutoka kwenye ekseli, pale wenzo unapozungukia, hadi mwisho wa wenzo ni sentimita 30, na kutoka kwenye ekseli hadi kwenye nondo inayoshuka kubana kifungo ni sentimita 3. Maana yake nikiegemea kwa uzito wa kilo 5, chini inafika karibu kilo 50, ukitoa kinachopotea kwenye msuguano. Na kilo 5 hizo sizitoi kwenye vidole. Naweka kiganja juu ya wenzo kikiwa wazi, kifundo kimenyooka, nashusha bega. Hata mkono wa kushoto unaweza. Kwangu hiyo ndiyo tofauti nzima: koleo linaomba vidole, mashine hii inaomba mwili.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba unasikia. Wenzo unashuka mwepesi, unagusa, kisha unakuja ukinzani kidogo ncha inapopondeka, halafu unagota. Ukishauzoea mgoto huo unajua kifungo kimekaa bila kukitazama. Bado nazungusha kila kifungo kwa kidole na kukivuta kabla nguo haijakunjwa.

Kasoro zipo. Mashine ni nzito na isipofungwa kwa bolti inainuka ukishusha wenzo. Meza yangu ya plaiwudi ilikuwa inacheza, nikaenda kwa seremala wa Keko akanichongea ubao mnene. Pia kwenye meza ya kawaida ukikaa, wenzo unakuwa juu ya bega na mkono unafanya kazi yote. Mimi niliiweka kwenye benchi la chini, nabana nikiwa nimesimama. Kubadilisha dai, vile vichuma vya juu na chini vinavyoshika kifungo, kunataka kukaza skrubu ndogo kwa spana ya pembe sita, na hiyo kwa vidole vyangu ni mateso. Nimeizungushia spana mpira wa tyubu ya baiskeli ikawa nene, na nabana vifungo vyote vya saizi moja kwanza ndipo nibadilishe. Na mdomo wake ni mfupi: kifungo cha mbali na ukingo wa nguo haukifikii.

Kabla hujalipa, shusha wenzo polepole bila kifungo, inama uangalie kwa ubavu kama dai la juu linatua katikati ya la chini. Moja niliyoonyeshwa ilikuwa imepinda kidogo tu, na kupinda huko kungelaza kila ncha upande, nguvu uwe nazo usiwe nazo. Halafu toboa kwanza kwa msharasi. Kitambaa kilichotobolewa vizuri kinapunguza kazi ya mkono.

Mashine ya kukanyaga kwa mguu niliiona pia. Mkono haufanyi chochote zaidi ya kushika nguo, na kama ungekuwa mgonjwa wa mikono yote miwili ningekwambia hiyo bila kusita. Kibaraza changu hakiitoshi.

Wiki iliyopita nilimaliza rompa 20 kwa mchana mmoja, nikipumzika kila baada ya tano. Usiku niliamka mara moja. Koleo nimempa binti ninayemfundisha, kwa ajili ya vile vifungo vya mbali ambavyo mashine haivifikii.